Kigali Jumapili hii: maswali yanayorudi kila siku kuhusu Pogačar na mbio za dunia

Wiki hii nzima watu wananiuliza mambo yale yale kuhusu mbio za dunia za baiskeli hapa Kigali na bingwa mtetezi Tadej Pogačar, kazini, juu ya moto (pikipiki za abiria), sokoni Kimironko, mpaka na ndugu walioko Mwanza na Mombasa wanapiga simu. Nimeamua kuyaweka pamoja. Taimu trayo ya wanaume (ile ya mtu mmoja mmoja kushindana na saa) imeshapita Jumapili, kwahiyo majibu haya ni kwa ajili ya mbio kubwa ya barabarani ya wanaume, Jumapili tarehe 28 Septemba 2025, na kidogo ya wanawake Jumamosi.

## Mambo ya msingi

Hii ni Tour du Rwanda?

Hapana. Tour du Rwanda ni ya mwezi wa pili, inachukua siku kadhaa, unajumlisha muda wa siku zote. Hii ni Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, yanazunguka nchi mbalimbali kila mwaka, na hii ndo mara ya kwanza kabisa yanafika Afrika. Wanaume wa kulipwa walianza kugombea taji hili mwaka 1927, hesabu mwenyewe miaka tuliyosubiri.

Mbio yenyewe ni ya siku moja tu. Wanaanza pamoja, wa kwanza kuvuka mstari ndo bingwa wa dunia, basi. Hakuna kesho ya kurekebisha.

Mshindi anapata nini?

Medali ya dhahabu na ile jezi nyeupe yenye mistari mitano kifuani, bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Anaivaa mwaka mzima kwenye kila mbio ya barabarani mpaka mwingine aichukue. Hela ya zawadi ni ndogo ukilinganisha na mbio nyingine kubwa, lakini hakuna mwendeshaji hata mmoja atakayekwambia anaifuata hela. Ukishakuwa bingwa wa dunia, hata ukistaafu mistari ile inabaki kwenye mikono ya jezi yako mpaka siku ya mwisho unayoshindana.

Inaanza saa ngapi?

Saa nne kasorobo asubuhi kwa saa za Kigali. Kumbuka Kigali iko nyuma kwa saa moja, kwahiyo Dar, Nairobi na Kampala ni saa tano kasorobo. Bujumbura na Goma mko sawa na sisi. Watakuwa barabarani kwa zaidi ya masaa sita, usije ukawasha TV saa tisa ukadhani umewahi, kwa mbio hizi unaweza ukakuta mambo yameshaisha zamani (soma swali la Pogačar ataondoka wapi).

Mbona wanavaa jezi za nchi na sio za timu zao?

Kwasababu mbio za dunia unakimbilia taifa. Nchi kubwa zinaruhusiwa watu hadi 8, ndogo pungufu ya hapo, na nchi yenye bingwa mtetezi inaongezewa nafasi. Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui: hakuna redio masikioni. Kwenye Tour de France, ile mbio kubwa ya wiki tatu ya Ufaransa, kocha anaongea na mwendeshaji muda wote kutoka kwenye gari, hapa hakuna, mtu anategemea macho yake, ubao wa muda unaobebwa na pikipiki, na kuuliza akishuka nyuma kwenye gari. Mtu akichomoka, waliobaki wanaweza kukaa dakika nzima hawajui yuko mbali kiasi gani, na dakika moja kwa huyu jamaa ni nyingi mno.

## Huyu Pogačar

Pogačar ni nani hasa na kwanini kila mtu anasema ameshashinda?

Tadej Pogačar, Mslovenia, ametimiza miaka 27 Jumapili iliyopita hapa hapa Kigali. Ndo bingwa mtetezi. Ana Tour de France nne, 2020, 2021, 2024 na 2025. Mwaka jana alichukua Giro (mbio ya wiki tatu ya Italia), Tour ya Ufaransa na ubingwa wa dunia ndani ya msimu mmoja, kitu ambacho kabla yake wanaume wawili tu waliwahi kukifanya, Eddy Merckx mwaka 1974 na Stephen Roche mwaka 1987.

Kinachowatisha watu zaidi ni jinsi anavyoshinda. Mwaka jana Zürich alichomoka zikiwa zimebaki kilomita 100. Mia moja! Waliokuwa nyuma wakaangaliana, wakasema huyu kachanganyikiwa, atachoka tu atarudi. Akawakuta wenzake waliotangulia mbele, akaenda nao, kwenye kilomita 51 za mwisho akabaki peke yake na hakuna aliyemwona tena mpaka kwenye jukwaa. Strade Bianche, mbio ya siku moja ya Italia, mwaka huo huo alienda peke yake kilomita 81. Kwahiyo mtu akisema "ameshashinda" hasemi kwa ushabiki, anasema kwasababu ameshaiona hii picha mara nyingi.

Tena njia ya Kigali imejaa milima. Ukimwambia achore mwenyewe njia anayoitaka, nadhani angechora kitu kama hiki.

Basi kuna haja gani ya kuangalia kama mshindi anajulikana?

Hili ndo swali linaloniuma kidogo, nalijibu kwa moyo wote. Kwanza hajulikani (swali linalofuata). Pili, mtu anayepigiwa upatu hivi anabadilisha mbio nzima. Kila timu imelala inawaza jambo moja, tumfanyeje Pogačar. Wengine watatuma watu mbele mapema ili wakutane naye baadaye, wengine watakaa mgongoni kwake kama kupe, wengine wataamua kimya kimya kwamba dhahabu imeenda wanatafuta fedha, na hao ndo wanaomsaidia bila kujua, maana ukigoma kukimbiza kwa kuogopa kumbeba mwenzako, yeye anazidi kwenda.

Mimi nikiangalia mbio yenye mtu kama huyu namwangalia wa pili, wa tatu na wa nne. Nani anageuka nyuma, nani anatikisa kiwiko kumwambia mwenzake "pita mbele uvute" (wa mbele anakata upepo, wa nyuma anapumzika), nani anakataa. Hapo ndo mbio inapoamuliwa.

Anapigika?

Anapigika, na mwaka huu amepigwa mara kadhaa. Kwenye mbio ya siku moja ya Milano–Sanremo alikuwa wa tatu, Mholanzi Mathieu van der Poel akachukua. Paris–Roubaix alikosea kona akaanguka, akawa wa pili kwa van der Poel huyo huyo. Wiki chache zilizopita Québec alishinda Julian Alaphilippe.

Lakini ukitaka kujua dawa yake ikoje kaangalie Amstel Gold Race ya Aprili. Alichomoka kama kawaida, akaenda peke yake, sote tukajua imeisha. Nyuma Mbelgiji Remco Evenepoel na Mdenmark Mattias Skjelmose wakakubaliana, wakapokezana kuvuta bila ubishi, sekunde zikaanza kupungua moja moja, wakamfikia zikiwa zimebaki kama kilomita 8, na mwisho kwenye spidi, yaani kukimbizana kwa nguvu zote mita za mwisho, Skjelmose akawapiga wote wawili. Kwahiyo dawa ipo: watu wawili wenye nguvu wakubali kushirikiana na wasianze kuhesabiana. Inasikika rahisi, lakini ukiwa na mapigo ya moyo 180 na unajua mwenzako ana spidi kukuzidi, kukubali kumvuta ni kazi nzito sana.

Si amefikiwa na Remco kwenye taimu trayo? Bado tunamwita namba moja?

Ndiyo amefikiwa, na ilikuwa kitu cha kushangaza. Remco alianza dakika mbili na nusu nyuma yake, akamkuta na kumpita kwenye mawe ya Kimihurura zikiwa zimebaki kilomita chache. Remco akachukua dhahabu yake ya tatu mfululizo, Jay Vine wa Australia wa pili, Ilan Van Wilder wa tatu, Pogačar wa nne. Picha ile ya Mbelgiji anampita bingwa wa dunia mbele ya watu wa Kigali itakaa muda mrefu.

Ila tusichanganye mambo. Taimu trayo ni mtu peke yake na saa, kilomita 40.6 na baiskeli maalum, na Remco kwa hilo ndo bora duniani kwa sasa, hakuna ubishi. Jumapili ni kilomita 267.5 na kupanda zaidi ya mita 5,400 kwa jumla. Kupanda mara nyingi baada ya saa tano za kuchoka ni mchezo mwingine, na hapo rekodi inambeba Pogačar. Kwenye Tour ya mwaka huu Remco aliachia njiani kwenye milima ya Pyrenees, Pogačar akaishinda kwa zaidi ya dakika nne.

Ninachokubali ni kwamba Remco ameingia wiki hii akiwa na miguu na kiburi, na Pogačar ameingia akiwa amechomwa. Kwa sisi watazamaji ni habari njema kabisa.

## Njia na milima

Njia iko vipi?

Wanaanzia na kumalizia pale Convention Centre. Kuna raundi ya mjini ya kilomita 15.1, wanaizunguka mara 9, kisha wanatoka kwenye raundi kubwa ya kilomita 42.5 kuelekea Mont Kigali na Nyamirambo, halafu wanarudi kumalizia raundi 6 za mjini.

Raundi ya mjini ina vilima viwili. Kimoja ni cha Kigali Golf, mita 800 kwa wastani wa asilimia 8. Kingine ni Kimihurura, kilomita 1.3 ya mawe kwa asilimia 6 na kidogo. Ukivisikia hivi hivi unaona ni vidogo. Sasa vizidishe mara 15.

Mawe ya Kimihurura yana shida gani? Sisi tunapita na pikipiki kila siku.

Pikipiki ina injini na matairi manene. Baiskeli ya mbio inapopanda kwenye mawe inakata mwendo kila jiwe, huwezi kusimama kwenye pedeli vizuri maana gurudumu la nyuma linateleza, kwahiyo inabidi ukae kitako usukume gia nzito mgongo wote ukitetemeka. Na hapo kuna jambo la kuangalia: Pogačar akichomoka mara nyingi hasimami hata kusimama, anakaa vile vile kwenye siti, miguu inaongeza kasi tu, na wewe unagundua kaondoka pale unapoona wa nyuma yake ndo anasimama kwa shida. Barabara inayomkataza mtu kusimama inampendelea anayejua kushambulia amekaa.

Mur de Kigali ndo ipi?

Ile ya Nyamirambo ambayo mashabiki wa Tour du Rwanda wanaijua vizuri, mita 400 za mawe kwa asilimia 11. Inakuja baada ya Mont Kigali yenyewe, ambayo ni karibu kilomita 6 kwa wastani wa asilimia 6.9. Wanaume wanapita huko mara moja tu.

Kama hujawahi kusimama pale siku ya mbio, ni hivi: barabara inabaki upana wa baiskeli mbili tatu, watoto wamekaa juu ya kuta, kelele ni kubwa kiasi kwamba huisikii pikipiki ya mbele mpaka ikufikie, na waendeshaji wanapita karibu yako unaona chumvi ya jasho imekauka kwenye kamba ya helmeti. Wale wa mwisho wanapanda wakiyumba kulia kushoto na watu wanawapigia makofi kuliko hata wa mbele, hicho kitu nakipenda sana kwa watu wa Nyamirambo.

Pogačar ataondoka wapi?

Kwangu mimi ni Mont Kigali au Mur. Najua zitakuwa zimebaki kama kilomita 100 na watu watasema ni mapema mno. Zürich pia ilikuwa mapema mno. Ndo mlima mrefu pekee wa siku nzima, na baada ya hapo ni vilima vifupi ambapo mpinzani mwenye akili anaweza kujibanza nyuma yake. Akisubiri mpaka raundi mbili za mwisho, basi ujue miguu haiko sawa, na hapo mwambie kila mtu akae karibu na TV.

Mwinuko wa Kigali una athari?

Ipo. Tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na aliyezoea kuishi chini anachelewa kurudisha pumzi baada ya kila kilima. Wengi wamejiandaa kwenye kambi za milimani. Joto na unyevu navyo vinachangia, ndo maana utaona chupa za maji zinagawiwa muda wote.

## Wapinzani na watu wetu

Nani wa kumfunga paka kengele?

Remco wa kwanza, tumeshamsema. Mwingereza Tom Pidcock ametoka kushika nafasi ya tatu kwenye Vuelta, mbio ya wiki tatu ya Uhispania, na anajua kushuka mlima kuliko karibu wote. Isaac del Toro wa Meksiko, kijana, wa pili kwenye Giro ya mwaka huu. Juan Ayuso wa Uhispania akiamka vizuri. Ben Healy wa Ireland anapenda kuondoka mapema na hachoki kirahisi.

Wasiokuja: Jonas Vingegaard, bingwa wa Vuelta, hayupo. Van der Poel hayupo. Wout van Aert hayupo. Inasikitisha, hasa Vingegaard, maana njia hii ingemfaa.

Del Toro na Ayuso si wako timu moja na Pogačar? Watamkimbiza kweli?

Swali zuri na halina jibu safi. Msimu mzima wote wanalipwa na timu ya UAE, Jumapili wanavaa jezi za nchi. Kikanuni kila mtu anakimbilia taifa lake. Kibinadamu, mtu anafikiria mara mbili kumkimbiza anayekula naye meza moja. Sidhani Del Toro atamvuta Pogačar kwa makusudi, ila wakijikuta wawili mbele hatakuwa na haraka ya kugoma kufanya kazi. Ayuso ni tofauti, anaondoka kwenye timu hiyo mwisho wa mwaka na hawajaachana kwa amani, kwahiyo huyo hana deni.

Slovenia yenyewe ina Primož Roglič, mtu mwenye Vuelta nne, anayekuja kumfanyia kazi Pogačar, aliye mdogo kwake kiumri.

Waafrika wana nafasi?

Ya ushindi, kwa ukweli, hapana, na sioni sababu ya kudanganyana. Njia ina milima mingi mno kwa Biniam Girmay, Mweritrea aliyeshinda hatua 3 na jezi ya kijani (ya pointi) kwenye Tour ya 2024, maana silaha yake ni spidi ya mwisho. Ila Waeritrea wanazijua barabara hizi: Merhawi Kudus, Natnael Tesfatsion mara mbili, Henok Mulubrhan, wote wameshinda Tour du Rwanda tangu 2019. Mmoja wao akimaliza na kundi la mbele ni jambo kubwa.

Kwa Wanyarwanda lengo ni kuonekana mbele raundi za mwanzo na kumaliza. Mtu asiwacheke wakishuka (soma swali la kutomaliza). Barabara hii ilifunguliwa na watu kama Adrien Niyonshuti aliyebeba bendera ya Rwanda Olimpiki ya London 2012, na Valens Ndayisenga aliyeshinda Tour du Rwanda 2014 na 2016.

Na Froome si wetu?

Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, na alikimbia kwa leseni ya Kenya kabla ya kuhamia Uingereza na kushinda Tour nne. Kwenye mbio hizi hayupo. Ila mtoto yeyote wa Kenya anayeuliza kama inawezekana, mwambie ilianzia kwenye barabara za vumbi za Kikuyu.

Wanawake je?

Jumamosi, na hapo hakuna wa kupigiwa upatu peke yake, ndo maana mimi nasema usiikose. Demi Vollering, Pauline Ferrand-Prévot aliyeshinda Tour mwaka huu, Marlen Reusser aliyechukua taimu trayo. Na Kim Le Court wa Mauritius, Mwafrika aliyeshinda mbio ya Liège–Bastogne–Liège ya Ubelgiji mwaka huu na kuvaa jezi ya njano (ya anayeongoza) kwenye Tour. Afrika ikipata medali ya wakubwa wiki hii, itatoka kwake.

## Kuja kuangalia

Kuna kiingilio?

Kusimama barabarani ni bure. Maeneo ya wageni maalum ndo yanalipiwa.

Nikae wapi?

Ukitaka kuwaona mara nyingi kaa Kimihurura au Golf, watapita mara 15 na kila raundi kundi linapungua, ni kama kusoma hadithi sura kwa sura. Ukitaka kelele nenda Nyamirambo, ila unawaona mara moja, kwahiyo uwe na simu yenye bando ufuatilie mengine. Kwenye mstari wa mwisho utabanwa na utaona sekunde tano.

Nafikaje na barabara zimefungwa?

Wahi. Anayetoka Tanzania anaingilia Rusumo, wa Uganda Gatuna, mabasi yanaishia Nyabugogo. Kutoka hapo chukua moto mpaka karibu na uzio halafu tembea. Shule za Kigali zimefungwa wiki nzima kupunguza magari. Kwa ndugu wa Burundi, mpaka wa ardhini bado umefungwa tangu Januari 2024, inauma lakini ndo hali.

Ndugu zetu Goma na Bukavu wako kwenye hali ile, tunashangiliaje?

Swali hili limeulizwa na watu wengi na hawalitanii. Bunge la Ulaya mwezi wa pili lilitaka mbio za Kigali zifutwe kama Rwanda haitabadilisha msimamo, kwasababu ya vita vya mashariki ya Kongo na waasi wa M23, UCI (shirikisho la baiskeli duniani) ikakataa kuzihamisha. Rwanda inakanusha kuisaidia M23, wataalam wa Umoja wa Mataifa wanasema inaisaidia. Mimi nitaenda barabarani, na simlaumu hata kidogo anayeamua kutoangalia.

## Maswali ya pembeni

Mbona wengi hawamalizi?

Ni raundi. Ukiachwa sana unaondolewa ili usichanganyikane na walioko mbele, na wengine wakishamaliza kazi ya kumvuta kiongozi wao wanapita mlango wa timu na kushuka. Kwenye njia ngumu hivi usishangae zaidi ya nusu wakiandikwa hawakumaliza.

Pogačar akipata pancha au akianguka?

Pancha anabadilishiwa na gari la timu au la msaada, ila kwenye raundi fupi yenye kona magari yanakuwa mbali. Kuanguka, kumbuka Strade Bianche ya Machi: aliteleza kwenye mteremko, akatua kwa upande wa kushoto, jezi ikachanika bega hadi mkono, akainuka, akamfikia Pidcock na kumwacha. Kwahiyo akianguka subiri kwanza.

Mvua ikinyesha?

Septemba mvua zinaanza anza. Mawe ya Kimihurura yakilowa ni sabuni, na mteremko unampa nafasi mtu kama Pidcock. Mvua ndo kitu pekee kinachoweza kunifanya nibadilishe jibu la swali linalofuata.

Haya taja watatu wako.

Pogačar, Remco, Del Toro. Remco nimemweka wa pili baada ya kulala nalo usiku mbili, na kama Mont Kigali atakuwa bado kwenye gurudumu la Pogačar nitafurahi kukosea.